Video ya kamera inakwamakwama kwenye Linux? Rekodi kwanza, bana baadaye

Nafundisha kemia sekondari. Kwa miaka michache sasa narekodi majaribio ya maabara ili wanafunzi waliokosa kipindi, au waliokaa nyuma ambako bureti haionekani vizuri, wayaone tena kwa utulivu. Chombo nilicho nacho ni laptopu ya mtumba: prosesa ya Celeron yenye kori mbili, RAM ya GB 4, na Linux Mint ya Xfce. Kamera ni ya kuchomeka kwenye USB, ya 720p (pikseli 1280 kwa 720), ya kawaida kabisa.

Rekodi zangu za kwanza hazikufaa. Wenye kufundisha titresheni (kudondoshea kimiminika kimoja ndani ya kingine hadi rangi ibadilike) wanajua kwamba kuna tone moja linaloamua kila kitu. POP (fenolfthalini, kiashiria cha rangi) ya waridi ndani ya chupa inapotea rangi ghafla, na hapo hapo mwanafunzi anatakiwa afunge koki na kusoma bureti. Kwenye video zangu tone hilo halikuonekana. Fremu moja (picha moja kati ya zinazounda video) chupa ilikuwa ya waridi, fremu ya pili ilikuwa maji matupu na mkono wangu ulishafunga koki. Lile jambo lenyewe nililotaka kufundisha lilikuwa limeangukia katikati, kwenye fremu zilizotupwa.

Nilishaanza kuulizia bei ya mashine nyingine. Haikuhitajika. Laptopu ile ile, kamera ile ile, leo zinarekodi fremu 30 kwa sekunde na prosesa inapumua. Naandika hatua nilizopitia kwa sababu najua wapo walimu, maimamu, wachungaji na mafundi wengi wenye mashine kama yangu ambao wameambiwa kwamba dawa ni kununua mpya.

Kwanza tuelewe kinachotokea

Picha inapita vituo vinne: inatoka kwenye kamera, inasafiri kwenye USB, inashughulikiwa na prosesa, kisha inaandikwa kwenye diski. Kituo kimoja kikiziba, video nzima inakwama, na kwa macho huwezi kujua ni kipi. Ndiyo maana watu wengi hubadilisha mipangilio kwa kubahatisha siku nzima.

Hata hivyo, kwenye mashine dhaifu mshukiwa mkuu ni mmoja. Programu nyingi za kurekodi hufanya kazi tatu kwa mpigo: zinapokea picha, zinaionyesha kwenye skrini, na papo hapo zinaibana upya, yaani zinapunguza ukubwa wake, kuwa fomati kama VP8 au H.264. Kubana ni kazi nzito kuliko zote. Ukitaka fremu 30 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 33 tu kabla nyingine haijafika. Prosesa ndogo ikitumia milisekunde 80 kuibana moja, zinazofuata hazina pa kukaa, zinatupwa.

Sasa, kamera nyingi za USB tayari zina uwezo wa kubana picha zenyewe, ndani yake, kabla hazijaituma. Kwa hiyo tunaweza kuchukua kilichobanwa na kamera, tukakiandika kwenye diski jinsi kilivyo, na kazi ya kukibana zaidi tukaiacha hadi usiku tukiwa tumelala.

Hatua ya 1: Weka zana

Kwenye Debian, Ubuntu au Mint fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike:

```
sudo apt install v4l-utils ffmpeg htop
```

Hizo tatu zinatosha: v4l-utils ya kuongea na kamera, ffmpeg ya kurekodi na kubana, htop ya kuona kazi ya prosesa. Ukiwa na bando dogo, ujue kwamba ffmpeg ndiyo kubwa zaidi kati yake, ila kwenye mashine nyingi tayari imo. Mfumo ukikukatalia kugusa kamera, jiongeze kwenye kundi la video, kisha toka uingie upya:

```
sudo usermod -aG video $USER
```

Hatua ya 2: Iulize kamera inajua nini

```
v4l2-ctl --list-devices
```

Utaona jina la kamera na chini yake njia kama /dev/video0 na /dev/video1. Usishangae kamera moja kuwa na mbili. Kwenye kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) za siku hizi ya pili hubeba taarifa za ziada tu, haina picha. Mara nyingi yenye picha ndiyo ya namba ndogo. Laptopu ikiwa na kamera yake ya ndani, mara nyingi hiyo ndiyo huchukua video0, na ya USB inakuwa video2. Mifano yangu yote inatumia video0. Wewe weka namba yako.

Kisha:

```
v4l2-ctl -d /dev/video0 --list-formats-ext
```

Soma orodha hii taratibu, ndiyo moyo wa mambo yote. Utakuta fomati mbili kuu. YUYV ni picha mbichi, haijabanwa, kila pikseli inachukua baiti 2. MJPG ni mfululizo wa picha za JPEG, kila fremu imebanwa na kamera yenyewe. Chini ya kila fomati kuna ukubwa wa picha na idadi ya fremu inayowezekana kwa ukubwa huo.

Angalia YUYV ya 1280x720. Kwenye kamera nyingi za USB 2.0 utakuta imeandikwa fremu 10 kwa sekunde, au chini ya hapo. Sababu inaonekana ukipiga hesabu. Fremu moja ya 1280x720 kwa baiti 2 kila pikseli ni baiti 1,843,200. Zidisha kwa 30 upate zaidi ya MB 55 kwa sekunde. USB 2.0 inatajwa kuwa na kasi ya megabiti 480, yaani MB 60 kwa sekunde, lakini kwa namna ya usafirishaji inayotumiwa na kamera nyingi, kifaa kimoja hakiwezi kuvuka MB 24 na nusu hivi. MB 55 hazipiti. Fremu 10 zinapita, kwa sababu ni MB 18.4. Na ukipiga hesabu ya 640x480 kwa fremu 30 utapata MB 18.4 zile zile, kwa sababu 1280x720 ina pikseli mara tatu kamili ya 640x480. Kwa hiyo kamera inakupa uchague: picha ndogo inayotembea, au picha kubwa inayoruka.

Njia ya kutoka hapo ni MJPG. Fremu ya 720p ikishabanwa kuwa JPEG, tuseme ina kilobaiti 100, fremu 30 ni MB 3 tu kwa sekunde. Barabara inabaki wazi.

Ubaya ni kwamba programu nyingi huchagua YUYV zenyewe bila kukuuliza. Nilikaa na tatizo hili miezi bila kujua kwamba nilikuwa naomba fremu 30 na kamera ilikuwa ikinipa 10, kwa haki kabisa, kwa sababu hizo ndizo zilizowezekana.

Kama orodha yako ina H264 pia, una bahati, baadhi ya kamera zinayo. Itakufaa kuliko MJPG kwa sababu faili litakuwa dogo zaidi. Kama ina YUYV peke yake, kaa kwenye 640x480, na sehemu ya kubana papo hapo huko chini ndiyo yako.

Hatua ya 3: Pima kamera peke yake

Kabla ya kurekodi chochote, tujue kamera na USB vinatoa fremu ngapi, bila kubana wala kuandika kwenye diski:

```
v4l2-ctl -d /dev/video0 --set-fmt-video=width=1280,height=720,pixelformat=MJPG --set-parm=30 --stream-mmap --stream-count=300
```

Itachapa alama moja kwa kila fremu, na kila baada ya muda itakuonyesha fps, yaani fremu kwa sekunde. Andika namba hiyo pembeni.

Ukipata 30 au karibu yake, kamera na waya ni wazima, ruka hadi hatua ya 6. Ukipata 15, 10 au 7.5, shida karibu kila mara ni mwanga, endelea na hatua ya 4. Ukipata kosa la kwamba kifaa kiko kazini, kuna programu nyingine imeishika kamera, mara nyingi kivinjari kilichoachwa wazi baada ya kikao. Itafute:

```
fuser -v /dev/video0
```

Hatua ya 4: Mwanga

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, na ndipo wengi wasipotazama kwa sababu hawaamini kwamba taa inaweza kupunguza kasi ya kompyuta.

Kamera inahitaji muda wa kukusanya mwanga kwa kila fremu. Chumba kikiwa na giza, inajiongezea muda huo. Fremu moja ikihitaji milisekunde 66, haiwezekani tena kupata 30 kwa sekunde, unabaki na 15. Mashine haina kosa hapo, hata ungekuwa na kompyuta ya mamilioni namba isingebadilika. Jaribio lake ni rahisi: rudia amri ya hatua ya 3 huku umeielekeza kamera dirishani mchana. Namba ikipanda hadi 30, umemkamata.

Dawa bora ni mwanga wenyewe. Maabara yetu ina madirisha upande mmoja. Niligeuza meza ili dirisha liwe nyuma ya kamera badala ya kuwa nyuma ya bureti, nikaweka karatasi nyeupe nyuma ya chupa. Rangi ya POP ikaonekana vizuri, na kasi ikapanda bila kugusa kompyuta.

Dawa ya pili ni kuizuia kamera isipunguze fremu. Tazama vidhibiti vilivyopo:

```
v4l2-ctl -d /dev/video0 --list-ctrls-menus
```

Kwenye kerneli mpya kuna kinachoitwa exposure_dynamic_framerate. Kwenye za zamani kitu hicho hicho kinaitwa exposure_auto_priority. Kiweke 0:

```
v4l2-ctl -d /dev/video0 -c exposure_dynamic_framerate=0
```

Picha itakuwa na giza kidogo, au chengachenga zaidi, lakini fremu zitakuja kwa wakati. Kwa jaribio ambalo tone moja lina maana, nachagua fremu.

Ukiwa hapo hapo, angalia power_line_frequency. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, wa Marekani ni 60. Thamani 1 ni 50, thamani 2 ni 60. Ikiwa imekaa kwenye 2 na unarekodi chini ya taa za mirija, utaona mistari ya giza ikipanda na kushuka kwenye picha.

```
v4l2-ctl -d /dev/video0 -c power_line_frequency=1
```

Kama bado kamera inahangaika, ikipandisha na kushusha mwanga kila unapopitisha mkono, mpangie muda mwenyewe:

```
v4l2-ctl -d /dev/video0 -c auto_exposure=1 -c exposure_time_absolute=200
```

Kipimo chake ni sehemu ya kumi ya milisekunde, kwa hiyo 200 ni milisekunde 20. Nachagua 200 au 300 kwa makusudi: kwenye umeme wa hezi 50 taa humemeta mara 100 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 10, na ukitumia muda unaogawanyika kwa 10 kila fremu inapata mwanga sawa na mwenzake. Kwenye kerneli za zamani majina ni exposure_auto na exposure_absolute. Mipangilio hii husahaulika kamera ikichomolewa, kwa hiyo iweke kwenye faili la amri utakaloliendesha kila mara.

Hatua ya 5: USB

Hii ni fupi. Andika:

```
lsusb -t
```

Kwenye mstari wa kamera yako, wenye neno uvcvideo, angalia mwisho. Ukiona 480M, sawa. Ukiona 12M, kamera imeshuka hadi kasi ya USB ya zamani, na hapo video ya 720p haiwezekani. Mara nyingi sababu ni habu ya bei rahisi au waya wa kurefushia. Chomeka kamera moja kwa moja kwenye tundu la laptopu, na flashi au diski ya nje ipeleke upande wa pili.

Kosa moja linapotosha sana: "No space left on device". Kwenye kamera, ujumbe huo hausemi kwamba diski imejaa. Unasema nafasi ya kusafirisha kwenye USB imekwisha, mara nyingi kwa sababu kuna kamera mbili kwenye njia moja. Tumia MJPG kwa zote mbili, au punguza ukubwa wa picha. Nilishamwona mwenzangu akifuta masomo yake ya mwaka mzima kutafuta nafasi kwenye diski ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Hatua ya 6: Rekodi bila kubana

Tumefika. Amri ni hii:

```
ffmpeg -f v4l2 -input_format mjpeg -video_size 1280x720 -framerate 30 -i /dev/video0 -c:v copy somo.mkv
```

Maneno mawili yanabeba uzito wote. "-input_format mjpeg" inailazimisha kamera itoe picha iliyokwisha kubanwa. "-c:v copy" inaiambia ffmpeg isiguse picha, iiandike ilivyo. Lazima yote ya kamera, yaani fomati, ukubwa na fremu, yatangulie -i. Ukiyaweka baada yake ffmpeg itayachukua kama maagizo ya faili linalotoka na hayataifikia kamera. Kama kamera yako ina H264, andika h264 badala ya mjpeg.

Fungua htop kwenye dirisha jingine uone. Kwangu, programu niliyokuwa nikitumia mwanzo ilijaza kori zote mbili. Kwa amri hii prosesa haina kazi ya maana. Chini ya terminali ffmpeg inaandika "speed=". Baada ya sekunde chache inatakiwa itulie kwenye 1x. Kusimamisha, bonyeza q. Usifunge dirisha kwa nguvu.

Nimetumia .mkv na siyo .mp4 kwa sababu ya umeme. Faili la kawaida la MP4 huandika faharasa yake mwishoni kabisa. Umeme ukikatika, au betri chovu ikizima ghafla katikati ya somo, faili halifunguki tena. MKV iliyokatika hufunguka hadi pale ilipofikia.

Kwa vipindi virefu naenda mbali zaidi, nakata vipande vya dakika kumi kumi:

```
ffmpeg -f v4l2 -input_format mjpeg -video_size 1280x720 -framerate 30 -i /dev/video0 -c:v copy -f segment -segment_time 600 -reset_timestamps 1 somo%03d.mkv
```

Umesikitika kwamba hakuna kioo cha kujiona wakati wa kurekodi? Kuonyesha picha kwenye skrini ni kazi pia, kwa sababu kila JPEG lazima ifunguliwe. Panga kamera kabla, kwa amri hii, kisha ifunge ndipo urekodi:

```
ffplay -f v4l2 -input_format mjpeg -video_size 1280x720 /dev/video0
```

Bandika vipande vya utepe mezani kuonyesha mipaka ya picha. Inatosha.

Hatua ya 7: Sauti

Ongeza maikrofoni hivi:

```
ffmpeg -thread_queue_size 512 -f v4l2 -input_format mjpeg -video_size 1280x720 -framerate 30 -i /dev/video0 -thread_queue_size 512 -f pulse -i default -c:v copy -c:a pcm_s16le somo.mkv
```

Sauti nayo haibanwi. Kwa kulinganisha na picha ni ndogo sana, haina haja ya kuisumbua prosesa. Hiyo thread_queue_size ni foleni ya kusubiria. Ffmpeg ikilalamika kwamba foleni imeziba, ongeza hadi 1024.

Picha na sauti huanza kwa tofauti ya sehemu ndogo ya sekunde. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni mwa kila rekodi. Ukiangalia baadaye utaona kofi linasikika kabla au baada ya mikono kukutana, na utarekebisha kwenye hatua ya kubana.

Hatua ya 8: Diski

Kwa kutobana tumepunguzia prosesa mzigo na kuupeleka kwenye diski, na hilo lina gharama. Kwa MB 3 kwa sekunde, kipindi cha dakika 40 ni GB 7 na zaidi kidogo. Diski ya ndani, hata ile ya zamani ya kuzunguka, inamudu kasi hiyo bila shida. Flashi nyingi za bei nafuu hazimudu kwa muda mrefu: zinaanza vizuri, kisha zinapunguza. Pima, ukiwa ndani ya folda unayotaka kurekodia:

```
dd if=/dev/zero of=jaribio.bin bs=1M count=1024 conv=fsync
rm jaribio.bin
```

Kasi itakayoonyeshwa mwishoni iwe angalau mara tatu ya unayohitaji. Na flashi ikiwa imefomatiwa kwa FAT32, faili moja haliwezi kuvuka GB 4, ambazo kwa hesabu yetu ni dakika ishirini na chache. Rekodi inasimama hapo hapo bila huruma. Rekodi kwenye diski ya ndani, kisha hamishia kwenye flashi.

Hatua ya 9: Bana usiku

Sasa kazi nzito inafanyika wakati hakuna anayesubiri. Prosesa ikichelewa hapa hakuna fremu inayopotea, inachukua muda tu.

```
nice -n 19 ffmpeg -i somo.mkv -c:v libx264 -preset veryfast -crf 23 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 96k -af aresample=async=1 somo.mp4
```

Usiache -pix_fmt yuv420p. MJPG ya kamera huwa na rangi za mpangilio mwingine ambao simu nyingi hazifungui, na wanafunzi wangu karibu wote wanatazama kwenye simu. Namba ya crf ikipanda faili linapungua na ubora unashuka. Kwa maabara nabaki 23, kwa kipindi cha ubao mtupu naenda 28 ili isiwalie bando.

Kofi likisikika mapema, icheleweshe sauti, mfano kwa sekunde 0.2:

```
ffmpeg -i somo.mkv -itsoffset 0.2 -i somo.mkv -map 0:v -map 1:a -c copy somo-sawa.mkv
```

Likisikika kwa kuchelewa, weka -0.2. Kisha bana hilo somo-sawa.mkv.

Ukilazimika kubana papo hapo

Pengine diski imejaa, au kamera yako ina YUYV tu. Kwanza angalia kama mashine ina sehemu maalumu ya kubana video iliyo ndani ya chipu ya picha. Prosesa nyingi za Intel kuanzia kizazi cha Sandy Bridge cha mwaka 2011 zinayo, hata baadhi ya Celeron. Weka programu ya vainfo, iendeshe, utafute mstari wa H264 wenye neno EncSlice. Ukiupata (kwa kamera ya YUYV tu, weka yuyv422 na 640x480 mahali pa mjpeg na 1280x720):

```
ffmpeg -vaapi_device /dev/dri/renderD128 -f v4l2 -input_format mjpeg -video_size 1280x720 -framerate 30 -i /dev/video0 -vf 'format=nv12,hwupload' -c:v h264_vaapi -qp 24 somo.mkv
```

Wenye Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja) watumie h264_v4l2m2m kama kodeki. Raspberry Pi 5 iliyotoka mwaka 2023 haina tena sehemu hiyo ya kubana H.264, ila prosesa yake ina nguvu za kutosha kufanya kazi hiyo kwa libx264.

Kama huna chochote kati ya hivyo, tumia libx264 na -preset ultrafast kwa 640x480. Faili litakuwa kubwa kuliko lingeweza kuwa, lakini mwendo utakuwapo. Wakati huo, na wakati huo tu, ndipo hali ya prosesa inapokuwa na maana: chomeka chaja, kwa sababu laptopu nyingi hupunguza kasi zikiwa kwenye betri, na safisha feni. Mashine iliyojaa vumbi hupata joto na kujipunguzia kasi yenyewe. Rekodi inayokuwa nzuri dakika tano za kwanza kisha inaanza kukwama ina dalili hiyo.

Kabla hujafuta rekodi mbichi

Hesabu fremu zilizomo kwenye faili la mwanzo:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -count_packets -show_entries stream=nb_read_packets -of csv=p=0 somo.mkv
```

Gawanya kwa sekunde za rekodi. Dakika 10 ni sekunde 600, kwa hiyo unatarajia fremu 18,000 au karibu yake. Ukipata 9,000, mwanga ulipungua, rudi hatua ya 4. Fanya hesabu hiyo hiyo kwenye somo.mp4, namba mbili zikikaribiana, fungua video kwenye simu, nenda katikati na mwishoni uhakikishe sauti bado inaendana na mdomo, halafu ndipo ufute ile mbichi. Mimi huwa naenda moja kwa moja kwenye dakika ya titresheni, naisogeza fremu kwa fremu: tone linaning'inia kwenye ncha ya bureti, linaachia, linagusa, na waridi linafifia kutoka katikati kwenda kingoni.